Bi Mawingu na Bawabu wa Zamu ya Usiku

Jumatatu, tarehe 8 Machi. Mawingu mepesi tangu alfajiri, upepo kidogo, mvua haikunyesha.

Saa nne kasoro dakika kumi, mlango wa chumba namba kumi na nne, ghorofa ya pili ya jengo la historia, uligongwa mara tatu kwa kitu kigumu. Kilikuwa kitabu. Mgongaji alikishika kama mtu anavyoshika kipande cha tofali.

Mwenye chumba alikuwa mwanamke wa miaka sitini, mtafiti wa historia ya vita na ya maisha yanayofuata vita. Chuoni waliandika jina lake na vyeo vyake vyote mlangoni, lakini huko nje, alikotembea miaka thelathini na mitatu akiwahoji watu, aliitwa Bi Mawingu. Jina hilo alipewa na kikongwe mmoja ambaye, kabla ya kuulizwa jambo lingine lolote, aliulizwa kama siku ya shambulio kulikuwa na mawingu. "Mwanangu," kikongwe akasema, "umekuja kuuliza vita au umekuja kupanda mahindi?" Waliokuwepo walicheka mpaka wakashika mbavu, na jina likaganda.

"Karibu," Bi Mawingu alisema.

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, uzi mweupe umemng'ang'ania begani, utepe wa kupimia nguo ungali shingoni. Alikuwa fundi cherehani, na alionekana ameondoka dukani bila kumaliza alichokuwa anashona.

"Shikamoo."

"Marahaba. Keti."

"Sikai. Shikamoo nimekupa kwa sababu ya umri wako. Kitabu chako sikipi." Akakiweka mezani, ukurasa umekunjwa. "Mwanangu kafanya mtihani wa historia. Swali la sita: nani alifungua lango la ghala la hospitali wakati wa vita? Jibu: bawabu wa zamu ya usiku. Kapata alama. Mwalimu wake kamwekea na tiki nyekundu."

Bi Mawingu alikitambua kitabu kabla ya kukigusa. Kilikuwa chake cha kwanza.

"Huyo bawabu," fundi alisema, "ni baba yangu. Mtoto wangu kapata alama kwa kumtaja babu yake kuwa mwizi. Na Ijumaa mnafungua jengo jipya pale hospitali, mnatundika bamba la shaba ukutani, na maneno haya haya yamechongwa. Karatasi huchakaa, Mwalimu. Shaba je?"

"Baba yako yu hai?"

"Ana miaka themanini na moja. Lile lango hajalipita tangu kitabu hiki kitoke. Akiugua tunamzungusha hospitali ya mbali. Watu wa mtaani hawamtaji, wanasema tu 'yule wa lango'. Hata mie, mteja akikosana nami kwa kipimo cha kiuno, ananiambia: mtoto wa lango."

"Yeye mwenyewe anasemaje?"

"Anasema yale yale aliyokwambia wewe. Anasema ulikaa naye mchana mzima, ukaandika kila kitu kwa penseli, halafu ukaenda kuchapisha jingine."

Watu wengi, wakiambiwa hivyo, hujitetea kwanza. Bi Mawingu hakuwa na tabia hiyo, na hakuwa na hofu ya kazi yake. Aliyeichimba mwenyewe hujua mashimo yalipo. Alifungua kalenda yake ya mezani.

"Leo Jumatatu. Nipe mpaka Alhamisi. Kama niko sahihi, nitakuja dukani kwako kukwambia usoni. Kama nimekosea, hutakuwa wa mwisho kujua."

Fundi alimtazama, kisha akakichukua kitabu chake. "Alhamisi," alisema. "Mimi nguo ya mtu naahidi siku, na siku ikifika naitoa."

*

Jioni hiyo Bi Mawingu alipanda kwenye kiti nyumbani kwake na kufikia rafu ya juu kabisa, yalipokaa madaftari ya mwanzo. Yalikuwa mia na kumi na mawili kwa jumla, yamepangwa kwa namba.

Kazi hiyo aliianza kabla hajaijua. Vita vilimkuta na miaka minane. Baba yake, dereva wa lori la jeshi, alirudi mzima, mikono miwili, miguu miwili, na hakusimulia neno. Ila kila jioni kabla ya kufunga mlango alihesabu watoto wake, akamaliza, akahesabu tena. Walikuwa watano. Hata mkubwa alipooa na kuhama, mzee alihesabu mara mbili, na alipofika wanne alisimama kidogo, mkono kwenye komeo. Binti akajiuliza: vita vimekwisha, mbona baba bado anahesabu?

Swali hilo alilipeleka mpaka chuo kikuu. Huko aliwakuta wenzake wanaandika juu ya majemadari, silaha na mikataba. Kama ni tembo na nyasi, wao walichukua tembo. Yeye akachukua nyasi. Alitaka kujua watu walirudije kuuziana chumvi na jirani aliyewachongea; mwalimu alifundishaje darasa ambalo nusu ya madawati yalichomwa kuni; mjane aliandika nini kwenye fomu penye nafasi ya 'mume'. Mkuu wa idara wa wakati ule alimwambia hiyo si historia, ni umbea wa jikoni. Alijibu, "Ndiyo, mzee, na jikoni ndiko waliko mashahidi." Akanyimwa gari la idara. Akatembea.

Akiwa njiani alijitengenezea mbinu. Aligundua kwamba mtu akiulizwa juu ya ushujaa hupamba, akiulizwa juu ya woga huficha, lakini ukimuuliza vitu vidogo hana sababu ya kudanganya. Kwa hiyo kila mtu alimuuliza matatu ya kwanza: hali ya hewa ilikuwaje, ulivaa nini miguuni, na nani alisimama karibu nawe. Hayo akiyapata, mengine yalifuata yenyewe kama uzi na sindano. Kwa mbinu hiyo alizipata familia mbili ambazo kila moja ilidhani ya pili imekufa. Kwa mbinu hiyo pia alithibitisha kwamba shimo fulani nyuma ya kiwanda cha matofali lilikuwa kaburi, na watu wakapata mahali pa kusimama na kulia. Alipewa kiti cha uprofesa akiwa na miaka arobaini na sita. Mumewe, fundi wa redio, aliwaambia wageni siku hiyo: "Mke wangu ukimuuliza umelalaje, kwanza anakutajia chanzo."

Daftari namba saba ndilo alilolitafuta. Karatasi zilikuwa zimegeuka rangi ya chai, penseli haijafifia. *Alhamisi, joto, upepo hakuna. Nyumbani kwa bawabu.*

Akasoma akiwa bado amesimama juu ya kiti.

*Zamu yangu ilikuwa usiku wa tarehe 13. Nyota tupu. Ningeweza kuhesabu misumari ya lango. Nilivaa viatu vya raba, kimoja hakina kamba. Sikufungua lango mimi.*

Chini yake, kwa mwandiko wake mwenyewe wa umri wa miaka ishirini na saba, mwandiko wa mtu aliyejaa uhakika: *Ripoti inasema mvua kubwa. Anasahau, au anaficha.*

"Shuka, utaanguka," mumewe alisema kutoka mezani, bisibisi mkononi.

"Nilimuuliza hali ya hewa," Bi Mawingu alisema.

"Si unamuuliza kila mtu?"

"Nilimuuliza, akanijibu. Nikaiandika. Halafu nikaamini karatasi."

Mume akaweka bisibisi chini. "Umekosea?"

"Sijajua bado."

"Ukiwa umekosea?"

"Basi nina kazi," alisema, akashuka, akachonga penseli tatu.

*

Jumatano, tarehe 10. Jua kali. Kwenye jumba la nyaraka mhifadhi alimletea jalada kabla hajaketi. Walijuana miaka ishirini. Mhifadhi alikuwa mtu wa glovu za pamba na maneno mengi, na hakuna karatasi aliyokubali ikae chali bila sababu.

Ripoti ilikuwa ya ukurasa mmoja, imepigwa taipu na karani wa hospitali. *Jana usiku lango la ghala la chakula lilifunguliwa na bawabu wa zamu, na askari wakabeba kila kitu. Mvua kubwa imefuta nyayo zote.* Kwa wiki sita baada ya usiku huo wagonjwa walikula maji ya uji, na wengine hawakufika mwisho wa wiki sita. Hilo halikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa kwenye 'jana'.

Kona ya juu ya karatasi, panapoandikwa tarehe, ililiwa na mchwa. Tarehe pekee iliyobaki ni ya muhuri wa buluu wa ofisi kuu: imepokelewa 14 Novemba. Mtafiti wa miaka ishirini na saba alisoma muhuri, akarudi nyuma siku moja, akaandika: usiku wa tarehe 13. Kisha akatafuta orodha ya zamu, akakuta usiku wa 13 bawabu alikuwa nani. Kila kitu kilikaa mahali pake vizuri mno.

"Kutoka hospitali mpaka ofisi kuu," Bi Mawingu alisema, "barua ilichukua muda gani siku zile?"

"Kabla ya vita, siku ileile. Wakati wa vita?" Mhifadhi alicheka. "Daraja lilikuwa limevunjwa. Barua ilitembea kwa miguu, na ikikuta risasi inalala njiani. Nina bahasha humu zilizochukua siku tisa."

"Na daftari la mvua la mwaka ule? Si liliungua?"

"Tulidhani. Miaka miwili iliyopita kituo cha hali ya hewa kilihama, wakatuletea makasha kumi na moja. Nimeyaorodhesha yote na orodha nilikutumia. Hukuisoma?"

"Niliisoma. Mwaka ule niliuruka. Nilijiambia hiyo kazi nimeshaimaliza."

Mhifadhi alikwenda, akarudi na daftari refu lenye gamba la kitambaa cheusi. "Haya. Bi Mawingu na daftari la mvua. Kuku kafika kwenye mtama."

Mpimaji wa kituo, mtu ambaye hakuna aliyelihifadhi jina lake, alikuwa ametoka kila asubuhi ya vita saa tatu kamili kwenda kusoma kipimamvua, na hakuruka hata siku moja. Bi Mawingu aliteremsha ncha ya penseli juu ya karatasi bila kuigusa. Asubuhi ya 10 Novemba: milimita arobaini na moja, mvua ya usiku kucha. Tarehe 11: sifuri. Tarehe 12: sifuri. 13, sifuri, 14, sifuri, anga safi. Sifuri mpaka tarehe ishirini.

Mvua iliyofuta nyayo ilinyesha usiku wa kuamkia tarehe 10. Ripoti iliandikwa siku hiyo, ikalala njiani siku nne.

"Usiku ule wa mvua," alisema, "orodha ya zamu inasema nani?"

Mhifadhi alifunua. "Bawabu mwingine. Alikufa mwaka uliofuata. Yule wako hata zamu hakuwa nayo. Zamu zake zilianza tarehe 12."

Bi Mawingu hakulia. Alivuta karatasi safi akaanza kunakili, tarehe kwa tarehe, milimita kwa milimita.

*

Alhamisi, saa tano, alikuwa dukani kwa fundi cherehani. Hakukubali kiti.

"Nimekosea," alisema. "Baba yako hakufungua lango. Alinieleza ukweli, nikauweka daftarini, nikaupuuza."

Fundi alikuwa na pini mbili mdomoni. Akazitoa moja moja. "Sasa?"

"Sasa naenda hospitali."

"Na kitabu?"

"Kitabu kina matoleo manne. Nitayafuata yote. Barua kwa watu wa mitihani nimeshaituma leo asubuhi. Naomba baba yako aje kesho."

"Pale hatakanyaga."

"Mwambie kwamba nimemwomba. Asipokuja, nitamfuata nyumbani, na nitasema vilevile."

Mganga mkuu wa hospitali, ambaye ndiye aliyesimamia shughuli ya Ijumaa, alimpokea kwa heshima na akamsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa mtu mwema aliyechoka.

"Profesa, bamba limeshachongwa. Wageni wamealikwa. Wewe ndiye msemaji mkuu."

"Mchongaji aondoe mstari huo."

"Sawa, tuuondoe. Kimya kimya. Nawe kitabu utarekebisha toleo lijalo, taratibu, bila kelele. Kwa nini ujivue nguo mbele ya watu? Ukisema ulikosea hapa, kesho watauliza umekosea wapi pengine. Kaburi la kiwandani je? Wale waliolia pale je?"

Hilo lilikuwa swali la kweli, na Bi Mawingu hakulipita haraka. Alikuwa amelifikiria usiku uliopita.

"Wakiuliza, nitawafungulia madaftari," alisema. "Yako mia na kumi na mawili. Daktari, mimi nimemtia mtu doa kwa sauti kubwa, miaka thelathini na moja. Siwezi kumsafisha kwa kunong'ona."

Mganga mkuu aliguna. "Basi angalau tuseme aliyefungua ni yule wa pili, yule marehemu. Watu watataka jibu."

"Hapana. Nilishafanya haraka mara moja. Karatasi zimenionyesha nani hakufungua. Nani alifungua, hazijanionyesha; karani aliamka akakuta lango wazi, akaandika alichokisia. Na maiti hawezi kuja kunigongea mlango."

"Kwa hiyo pale kwenye bamba tuandike nini?"

"Pabaki wazi."

Mganga mkuu alimtazama juu ya miwani yake, kisha akanyanyua simu na kumwita mchongaji.

*

Ijumaa, tarehe 12. Mawingu kidogo, ubaridi asubuhi. Viti mia na ishirini vilipangwa uani, mbele ya jengo jipya, kati ya ukuta na lango lile lile la zamani la chuma. Kitambaa kilipoondolewa, watu wa mbele waliona bamba la shaba lenye nafasi ya mistari saba, na kati ya wa nne na wa sita, mahali pa wa tano, utepe mtupu uliosuguliwa kwa tupa, uking'aa kuliko bamba zima. Minong'ono ikaanza.

Bi Mawingu alisimama. Hakuwa na hotuba, alikuwa na daftari namba saba.

"Mnatazama mstari usiokuwepo," alisema. "Niliuandika mimi, na ulikuwa uongo. Sikukusudia, lakini aliyeubeba hakuuona mwepesi kwa sababu hiyo." Kisha akawaeleza, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia: mchwa, muhuri, daraja, kipimamvua. Akasoma maneno ya bawabu kama yalivyo, mpaka na kile kiatu cha raba kisicho na kamba. Kisha akasoma alichoandika yeye chini yake. "*Anasahau, au anaficha.* Hakusahau. Hakuficha. Aliyekosea ni mimi."

Mwanamume mmoja safu ya tatu akasimama. "Sasa Profesa, mengine uliyoandika tuyaamini vipi?"

"Usiyaamini tu. Njoo uyasome na vyanzo vyake, mlango wangu uko wazi Jumatatu hadi Alhamisi. Ukiniona nimekosea, gonga. Huyu dada hapa aligonga kwa kitabu."

Watu wakacheka, na kicheko kikawageuza shingo kumtafuta dada mwenyewe. Hapo ndipo walipomwona. Fundi cherehani alikuwa amesimama nje ya lango, kwenye njia ya miguu, na aliyemshika mkono ni mzee mrefu, suti imepigwa pasi kali, fimbo mkono wa kulia. Alikuwa amesikiliza yote kutoka nje.

Bi Mawingu aliteremka jukwaani, akapita katikati ya viti mpaka langoni. Akasimama upande wa ndani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Mzee alimtazama kwa makini. "Umezeeka."

"Nimezeeka, mzee. Na nimechelewa."

"Miaka thelathini na moja. Hata mvua haichelewi hivyo."

"Nisamehe."

Mzee aliinua macho, akatazama anga kwa muda mrefu, kama mtu anayelikagua. "Wewe si ndiye wa mawingu? Leo hali ya hewa ikoje?"

"Mawingu kidogo. Ubaridi. Mvua hakuna."

"Na mimi nimevaa nini miguuni?"

Bi Mawingu akainama kutazama. "Viatu vyeusi vya ngozi. Kamba zote zipo."

"Andika, basi," mzee alisema. "Andika, halafu usiipuuze."

Akaandika hapo hapo, daftari juu ya goti. Bawabu alingoja mpaka penseli ilipotua. Kisha akauachia mkono wa binti yake, akasukuma lango kwa kiganja, akaingia, akaenda kuketi safu ya mbele. Fundi cherehani alilifunga nyuma yake, akalijaribu komeo, akacheka peke yake huku anafuta macho kwa utepe wa kupimia.

Jumamosi asubuhi, tarehe 13, anga safi, Bi Mawingu alikuwa mlangoni pa maktaba ya mji kabla ya saa mbili, kopo la gundi mkono mmoja, brashi na bahasha ya vipande vya karatasi mkono wa pili. Mkutubi alimtolea nakala zote ishirini na tatu. Akazipanga mezani, akafungua ya kwanza ukurasa wa themanini na nane, akapaka gundi chini ya mstari wa kumi na mbili, akabandika kipande: *Bawabu anayetajwa hapa hakufungua lango. Kosa ni la mwandishi.* Akakikandamiza kwa kiganja, akahesabu mpaka sitini, akavuta nakala ya pili.